Jina na Jembe: Kampeni ya "Mtu ni Afya" ya Mwaka 1973

Katika mwaka 1973 ilifanywa Tanzania kampeni ya "Mtu ni Afya". Haikuwa kazi ya waganga peke yao. Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliandaa vitabu na vipindi vya redio. Wizara ya Afya ilitoa ujuzi. Maofisa wa maendeleo na viongozi wa TANU waliwakusanya watu vijijini. Watu wazima wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma, wakajadiliana, kisha wakaamua la kutenda: kuchimba vyoo, kufyeka majani, kuchemsha maji.

Jina lenyewe lastahili kuangaliwa. Halikusema kwamba mtu "ana" afya, kana kwamba afya ni mali ya kupewa. Lilisema mtu "ni" afya. Kwa kiungo hicho kifupi, malaria, kichocho na kuhara hayakuwa tena mambo ya zahanati tu, bali ya kila nyumba. Ndiyo sababu mazungumzo yalitangulizwa mbele ya jembe; kwani choo kilichochimbwa kwa amri huweza kubaki shimo tu, lakini kilichochimbwa kwa shauri kina mwenyewe.