Ukoo wa Seli Moja

Mkulima wa milima ya Kilungu anajua kwamba mbegu haistawi kila iangukapo. Ile iotayo vizuri kwenye matuta ya juu, penye ubaridi, huenda ikanyauka huko chini kwenye joto. Anajua pia kwamba mimea ya shamba moja hailingani nguvu: ukame ujapo, mingi hufa, michache hustahimili, na mbegu za hiyo michache ndizo zinazorithi shamba. Maarifa kama haya ndiyo yaliyowawezesha wataalamu kufahamu ugonjwa wa kuogofya uitwao melanoma.

Melanoma ni saratani ya ngozi. Huanzia katika seli, yaani chembe hai, zinazotengeneza rangi ya ngozi. Mwaka 1787, daktari mpasuaji John Hunter wa London alimkata mtu uvimbe wa taya. Hakujua ulikuwa ugonjwa gani, lakini aliuhifadhi. Mwaka 1968 uvimbe ule ulichunguzwa kwa hadubini, ikaonekana kwamba ulikuwa melanoma.

Lilikuwapo swali lililowasumbua madaktari: mbona saratani iliyoanzia mahali pamoja huzuka baadaye katika ini, mapafu au ubongo? Mwaka 1889 Stephen Paget, naye wa London, alichunguza habari za wanawake 735 waliokufa kwa saratani ya matiti. Akaona kwamba ugonjwa ule haukuenea ovyo, bali ulishambulia viungo fulani zaidi ya vingine. Akasema seli za saratani ni kama mbegu: huchukuliwa pande zote, lakini huota tu katika udongo unaozifaa.

Paget alitueleza habari za udongo. Mbegu yenyewe ilieleweka baadaye. Ndani ya kila seli mna jeni, ambazo ni maagizo ya urithi yanayoiongoza kazi yake. Baadhi ya jeni hizo zikiharibika, seli hugawanyika bila kujua kikomo. Mwaka 1976 Peter Nowell wa Philadelphia, Marekani, aliandika kwamba saratani nyingi ni ukoo uliotokana na seli moja. Katika kugawanyika huko makosa mapya huingia, hata watoto na wajukuu wa seli ile wakawa hawafanani. Walio dhaifu hufa. Walio hodari wa kuikwepa kinga ya mwili huongezeka.

Mwaka 2002 watafiti wa Uingereza waligundua kwamba jeni iitwayo BRAF imebadilika katika melanoma nyingi. Kisha, mwaka 2015, watafiti walilinganisha jeni za uvimbe wa kwanza na za vimbe zilizoenea katika miili ya wagonjwa 8. Katika wagonjwa 6 waliona kwamba matawi mbalimbali ya ukoo ule yalikuwa yameondoka kwenye uvimbe wa kwanza, kila moja likashika njia yake. Hayakungoja zamu. Ndiyo sababu dawa inayoliua tawi moja huenda isiliweze jingine.

Je, habari hizi zatuhusu sisi? Zatuhusu sana. Wako wanaodhani kwamba mtu mweusi hapatwi na saratani ya ngozi. Ni kweli kwamba rangi yetu hutukinga na jua, na kwamba melanoma ni adimu kwetu kuliko kwa Wazungu. Lakini jua silo chanzo pekee. Mwaka 1967 M. G. Lewis alichapisha uchunguzi wake juu ya melanoma nchini Uganda, akieleza uhusiano wa ugonjwa huo na rangi iliyomo katika nyayo. Naam, kwa Waafrika hupatikana mara nyingi kwenye wayo, mahali ambapo watu ni wachache wanaopatazama. Nao ndugu zetu wenye ualbino, kwa kukosa kinga ya rangi, hushambuliwa zaidi na aina nyingine za saratani ya ngozi ziletwazo na jua. Hawana budi kuvaa kofia pana na nguo ndefu, na kupaka mafuta ya kukinga jua.

Doa la wayoni hudhaniwa kuwa jeraha la mwiba, au husemwa kuwa ni uchawi. Mgonjwa hungoja. Wakati angojapo, ukoo ule haungoji: unazaana, unabadilika, unatuma mbegu zake mbali. Uvimbe wa mwezi wa kwanza sio ule wa mwaka wa pili, ijapokuwa mahali ni pale pale. Ukikatwa mapema, mara nyingi mtu hupona. Matawi yakiisha kutawanyika, kazi ya daktari huwa nzito mno.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, ewe msomaji, unapoosha miguu tazama na nyayo. Ukiona doa linalokua au kugeuka rangi, au kidonda kisichopona, usilifiche wala usimwendee mganga wa ramli. Nenda hospitali ungali na nafasi.