Saidia Fundi na Msomi Juu ya Bati Moja

Umeme ulipoingia Dar es Salaam mwaka 1908, haukuingia mji mzima. Wajerumani waliufunga kwa ajili ya karakana za reli na ile sehemu ya mji waliyokaa wao wenyewe. Waswahili waliendelea na taa za mafuta. Kwa hiyo tangu siku ya kwanza umeme wa mji huu ulikuwa na wenyewe: kuna waliouwasha, na kuna waliouona kwa mbali.

Huwa nakumbuka habari hiyo kila ninapotoka feri, Kivukoni, na kukatiza mjini kwenda Kariakoo. Siku hizi nje ya maduka ya vifaa vya umeme utaona paneli za sola zimeegeshwa ukutani kama milango inayouzwa. Mtu anafika na hela yake, anachagua, anabebewa mpaka kwenye bajaji, anaondoka na umeme wake kwapani. Hakuna nguzo, hakuna fomu, hakuna kusubiri mkandarasi. Tukiwaza ya 1908, hayo ni mapinduzi, ingawa hayakupigiwa ngoma.

Ila paneli haijifungi yenyewe. Lazima apatikane mtu wa kupanda juu ya bati. Mtu huyo alifundishwa na nani? Historia ya sola Afrika Mashariki imeandikwa sana kwa watt na kwa hela za wafadhili. Mimi naona tungeisoma vizuri zaidi kama historia ya elimu, yaani siku mwanafunzi na saidia fundi walipowekwa juu ya paa moja, na kilichotokea walipotenganishwa.

Tuanze na shule moja ya Kenya, upande wa Mlima Kenya, iitwayo Karamugi. Ilikuwa shule ya harambee. Msomaji wa Tanzania huenda asiielewe uzito wa neno hilo. Baada ya uhuru wa 1963 Kenyatta alilifanya kuwa wito wa taifa, na wazazi vijijini wakachanga fedha, mawe na nguvu zao kujenga sekondari ambazo serikali isingeweza kuzijenga kwa haraka. Shule ya harambee ni ya wazazi kweli kweli. Ikitaka kununua kitu, bodi inakaa, watu wanabishana, kila shilingi ina mwenyewe.

Mwaka 1984 shule hiyo ilitaka mwanga wa kusomea usiku. Mpango ulikuwa kununua jenereta. Miongoni mwa walimu alikuwepo kijana Mmarekani, Mark Hankins, aliyekuja na Peace Corps kufundisha sayansi. Akakutana na Mmarekani mwenzake, mhandisi Harold Burris, aliyekuwa ameanzisha kibiashara kidogo akakiita Solar Shamba. Jina lenyewe linakwambia alikuwa anawalenga nani: wenye mashamba ya kahawa waliokuwa na hela kidogo mkononi lakini hawakuwa na nguzo ya umeme hata kwa kuotea. Wawili hao waliishawishi shule iachane na jenereta, ifunge paneli za jua.

Mpaka hapo hii ni hadithi ya wazungu wawili na wazo lao, na kama ingeishia hapo nisingeiandika. Afrika Mashariki imejaa mitambo ya wazo jema iliyogeuka vyuma chakavu mwaka uliofuata baada ya mwenye wazo kupanda ndege. Kilichoifanya Karamugi iwe tofauti ni kwamba Burris hakufunga peke yake. Alichukua vijana wa hapo hapo, akawafundisha kazi huku kazi ikifanyika. Baadaye Hankins akapata fedha za shirika la misaada la Marekani, shule nyingine tatu zikafungiwa, na safari hii mafunzo ya mafundi yakawa sehemu ya mradi wenyewe. Darasa likawa juu ya bati.

Fikiria jengo hilo usiku. Ndani wamo wanafunzi wenye madaftari, wanasoma fizikia, pengine sura ile ile ya mkondo wa umeme. Juu yao ni kazi ya vijana wa rika lao au wakubwa kidogo, wengine hawakufika kidato walichofika hao walio chini. Taa moja ilikuwa inawafundisha wote wawili. Na mwalimu wa zamu akitoka hapo saa nne usiku kurudi kwenye nyumba yake yenye kandili, unadhani aliwaza nini?

Alichowaza kiko kwenye kumbukumbu: walimu walikuwa miongoni mwa wateja wa kwanza kabisa wa sola za majumbani nchini Kenya. Wana mshahara wa kila mwezi, wanaishi kijijini, na wameona kwa macho yao kitu kinafanya kazi. Wazazi waliokuja kwenye mikutano ya shule nao wakauliza bei. Mafundi waliofundishwa na Burris wakaanza kufungia watu majumbani, wengine wakafungua biashara zao. Mwaka 1986 serikali ya Kenya ikaondoa ushuru kwenye paneli. Kufikia katikati ya miaka ya 1990 watafiti walikuja kugundua kwamba nyumba za Wakenya zilizowasha taa kwa sola za kununua kwa hela zao wenyewe zilikuwa nyingi kuliko zilizounganishwa na mpango wa serikali wa umeme vijijini.

Tusidanganyane lakini. Hamu kubwa ya wanunuzi haikuwa kusoma vitabu usiku. Ilikuwa televisheni. Kabla ya sola, watu wengi vijijini walishakuwa na betri ya gari sebuleni, wakiibeba kwa baiskeli kuipeleka mjini kuchajiwa. Paneli ilikuja kuipumzisha baiskeli. Sioni aibu yoyote hapo. Watu walinunua kile kilichoyafanya maisha yao yawe matamu, na soko likakua kwa sababu hiyo.

Sasa turudi nyumbani. Sisi Tanzania tulikuwa na maneno mazuri kuhusu jambo hili kabla ya Karamugi. Machi 1967, mwezi mmoja baada ya Azimio la Arusha, Mwalimu Nyerere alitoa andiko la Elimu ya Kujitegemea. Hoja yake ilikuwa kwamba shule ya kikoloni inamtoa mtoto kwenye jamii yake na kumfundisha kudharau kazi ya mikono, kwa hiyo shule iwe na shamba, iwe na karakana, wanafunzi wajenge na kulima. Wazazi wetu wengi ni zao la sera hiyo. Waulize. Watakwambia walilima, walifyatua matofali, walibeba maji ya kumwagilia bustani ya mwalimu.

Na hapo ndipo penye kasoro ninayotaka tuitazame bila woga. Sehemu nyingi kazi ilibaki, somo likaondoka. Mwanafunzi alifyatua tofali bila kuambiwa kwa nini udongo huu unapasuka na ule haupasuki. Kulima kukawa adhabu ya mchelewaji. Ukimchanganya mwanafunzi na kazi ya mikono bila fundi wa kumwelekeza, unachopata ni kibarua wa bure, na kibarua huyo akikua atahakikisha mtoto wake hashiki jembe. Karamugi ilikuwa kinyume chake kwa jambo moja dogo: kila waya uliofungwa ulikuwa na mtu anayeeleza kwa nini umefungwa hivyo.

Mbegu hiyo ilivuka mpaka. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, Karagwe, mkoani Kagera, chama cha maendeleo cha huko kiitwacho KARADEA kilianzisha kituo cha kufundishia ufundi wa sola, na Hankins, ambaye wakati huo alishaandika vitabu vya ufundi huo, alikuwa miongoni mwa walioshirikiana nacho. Angalia ramani. Karagwe iko pembezoni kabisa, karibu na Rwanda na Uganda, mbali na Dar es Salaam kuliko karibu kila mahali nchini. Ufundi wa sola Tanzania ulipata darasa lake huko kwa wakulima wa ndizi na kahawa, miaka mingi kabla ya paneli kujazana Kariakoo.

Kuna sababu ya kiufundi iliyofanya darasa hilo lihitajike, na inafaa tuieleze. Fundi umeme wa kawaida amezoea umeme wa gridi, volti 230. Akiambiwa afunge sola ya volti 12 anadhani ni umeme ule ule uliopungua nguvu. Siyo. Chukua mzigo wa watt 60. Kwenye volti 230 unavuta kama robo ya ampea tu. Kwenye volti 12 unavuta ampea 5. Upitishe kwenye waya mwembamba wa milimita 1.5 kutoka kwenye betri hadi chumba kilicho umbali wa mita 15, na karibu volti 2 zinapotelea njiani. Kwenye gridi upotevu huo usingeuona. Kwenye sola taa inafifia, mwenye nyumba anailaumu paneli, paneli haina kosa lolote.

Au chukua betri. Betri ya gari imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, injini iwake, kisha ichajiwe tena. Ukiifanya iwashe taa na TV mpaka ikauke kila usiku, haimalizi miaka. Mambo haya mwanafunzi wa chuo anayajua kwa hesabu, ubaoni. Fundi wa mtaani ameyajua kwa kuua betri za watu.

Niliona jambo hili kwa macho yangu Kigamboni, kwenye nyumba ya baba yangu mdogo. Betri yake ya kwanza ilikuwa imekufa mapema, mfungaji hapokei simu. Safari ya pili alikuja fundi mtu mzima na kijana wa chuo aliyekuwa field. Kijana alikaa kivulini na kalamu, akajumlisha taa, feni na TV, akasema betri moja haitoshi na waya ule uliokuwepo ni mwembamba mno. Fundi alikuwa anamwita "injinia" kwa utani, na kijana alikuwa anaitikia "naam, fundi" bila utani. Kisha kijana akaonyesha mahali pa kuweka paneli. Fundi akatikisa kichwa. "Injinia, saa tisa kivuli cha ule mwembe kinafika hapa." Kijana akatazama mwembe, akatazama bati, akafuta mchoro wake. Paneli ikahamia upande mwingine, ikainamishwa kidogo kuelekea kaskazini, kwa sababu Dar iko kusini ya ikweta, na pia ili mvua iwe inashuka na vumbi.

Hakuna kati yao aliyeweza kuifunga nyumba ile vizuri peke yake. Ndiyo maana inaniuma kuona jinsi tulivyoupanga mji wetu. Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, ile iliyoanza miaka ya 1950 kama chuo cha ufundi, iko pale Barabara ya Morogoro inapokutana na Bibi Titi. Kutoka hapo kwa miguu hufiki mbali kabla hujaingia Kariakoo, na ukisogea tu uko Gerezani kwenye mafundi wa vyuma na saidia fundi wao. Ni umbali wa kununua muhogo wa kuchoma na kuumaliza. Lakini wanaosoma upande huu na wanaochomelea upande ule wanaweza kuishi miaka wasijuane majina.

Sisemi hakuna juhudi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia mtaani, na EWURA inatoa leseni kwa mafundi umeme. Ni hatua njema, maana tumeteseka vya kutosha na vishoka. Ila cheti kinamtambua fundi kwa anachokijua jana. Hakimkutanishi na mwenye hesabu ya kesho.

Huko duniani jambo hili limegeuzwa mashindano. Mwaka 2002 Wamarekani walianza Solar Decathlon, ambapo timu za vyuo vikuu zilijenga nyumba nzima zilizojiendesha kwa jua. Mara ya kwanza walizipanga katikati ya Washington, timu 14. Mwaka 2019 mashindano hayo yalifika Afrika, mjini Ben Guerir, Morocco. Nimeziona picha zake, nyumba ni nzuri ajabu. Ila nyumba ya maonyesho ina hakimu wa siku chache. Paa la Karamugi hakimu wake alikuwa mzazi aliyechanga hela ya kahawa, na alikuwa anarudi kila muhula kuangalia kama taa bado inawaka.

Hata Kenya penyewe mambo hayakunyooka. Soko lilipopanuka kuliko mafunzo, mwishoni mwa miaka ya 1990 wapimaji walikuta baadhi ya paneli za bei nafuu zinatoa nguvu pungufu kuliko ilivyoandikwa mgongoni. Mnunuzi wa kijijini angejuaje? Mita ya kupimia ilikuwa kwa fundi aliyefundishwa, na fundi wa namna hiyo hakuwa kila kijiji.

Jioni ya siku ile Kigamboni fundi alimpa kijana mita yake, akamwambia apime mwenyewe kisha amsomee. Kijana akasoma: kumi na mbili nukta saba. "Hiyo ni betri imeshiba," fundi akasema. "Ikisoma kumi na moja na nusu, umeshaichelewa." Kijana akaandika kwenye daftari lake la field, ukurasa ule ule wenye mwembe uliofutwa. Baba mdogo akawasha taa.