Begi la Mwindaji na Bega la Mpagazi

Theodore Roosevelt aliposhuka Mombasa Aprili 1909 kuja kuwinda, ndani ya shehena yake mlikuwa na maktaba. Vitabu kiasi cha 60, vimejalidiwa upya kwa ngozi ya nguruwe ili vistahimili jasho, vumbi na mafuta ya bunduki, vikapangwa kwenye kasha jepesi la alumini na turubai la mafuta. Kasha na vitabu vyake vilipungukiwa kidogo tu na ratili 60, yaani kama kilo 27. Uzito huo haukutokea wenyewe. Ratili 60 ndio uliokuwa mzigo wa mpagazi mmoja, na maktaba ya rais mstaafu wa Marekani ilipimwa itoshe kichwa cha mtu mmoja wa Afrika Mashariki.

Kisa hicho nakipenda kwa sababu ya kazi yangu. Mimi ni fundi wa mabegi na mahema hapa Arusha, si mbali na soko la Kilombero. Kwenye meza yangu huja mabegi ya wapagazi wa Kilimanjaro, shanta za askari wa wanyamapori, na mara mojamoja, msimu wa uwindaji ukifunguliwa, begi la mgeni aliyetoka Montana au Alaska kuja kutafuta nyati: zipu imekufa, au bizimu imepasuka ndegeni. Mabegi hayo ya uwindaji ni kitu kingine kabisa. Nikiyafumua naona akili nyingi imetumika, nami hujiuliza kwa nini akili hiyo haikuzaliwa huku. Wazungu wamewinda katika nchi hizi zaidi ya miaka mia moja, kwa pesa nyingi na kwa bunduki bora kuliko zote za wakati wao. Kila kitu cha safari walikibuni au walikiboresha: kitanda cha kukunja, hema la kijani, beseni la turubai la kuogea. Begi la mgongoni hawakuligusa.

Hawakuligusa kwa sababu palikuwa na bega la kukodi.

Mbung'o ndiye aliyeamua hivyo tangu zamani. Farasi, punda na ng'ombe wa mizigo walikufa njiani kwa ugonjwa wa nagana anaousambaza, kwa hiyo kila kilichotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, na kila pembe ya ndovu iliyorudi pwani, ilipita juu ya mtu. Wanyamwezi waliifanya kazi hiyo iwe fani, na fani yenye fahari: kijana asiyewahi kufika pwani na mzigo alihesabiwa bado mtoto. Kipimo cha kawaida kilikuwa frasila mbili, ratili 70, karibu kilo 32. Leo lango la Kilimanjaro linampimia mpagazi kilo 20 za mzigo wa mgeni, na wapo wanaonung'unika kwamba ni nyingi.

Watu wa pwani walibeba kichwani, juu ya ngata. Mnyamwezi alipenda bega, na hapo ndipo jicho la fundi linaposimama. Mtumba wa nguo ulivingirishwa na kukandamizwa mpaka ukawa kitita kigumu kirefu kama futi 5, ukavikwa mkeka, kisha ukafungwa kwa kamba katikati ya vijiti ili usipinde wala kulegea. Vijiti viliachwa vichomoze upande mmoja. Mpagazi akitaka kupumzika, anausimamisha mzigo kwa vijiti hivyo na kuuegemeza kwenye mti; nguo haigusi tope, na akitaka kuondoka haokoti mzigo chini, anaingiza bega tu na kuinuka nao. Anayeshona mabegi ataelewa mara moja: hiyo ni fremu. Inakipa umbo kitu kisicho na umbo, na inamwokoa mtu na ile nusu dakika mbaya kuliko zote, ya kunyanyua kutoka ardhini. Mafundi waliobuni hilo hawakuandikwa majina popote.

Msafara wa Roosevelt ulikuwa wa urithi huohuo, uliopakwa rangi mpya. Wapagazi walizidi 200. Walibeba mahema, vyakula, ngozi zilizochunwa, na tani 4 za chumvi ya kuhifadhia ngozi hizo, maana jumba la makumbusho la Smithsonian lilitaka vielelezo, na mwishoni vilipatikana zaidi ya 11,000. Kampuni ya Newland na Tarlton ya Nairobi ndiyo iliyopanga mambo, na R. J. Cuninghame akaongoza. Mwindaji mwenyewe alibeba nini? Mara nyingi hata bunduki ya pili ilishikwa na mtu mwingine nyuma yake. Mtu wa namna hiyo huwezi kumuuzia begi.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia lori liliingia, na wapagazi wakapungua safari kwa safari. Hapo begi lingepata nafasi, lakini gari lilikaa palepale alipokuwa mpagazi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa kitalii mwaka 1977. Kwetu unaendelea, na bado ni uwindaji wa Land Cruiser, na watu wa kufuata nyayo na wachunaji nyuma. Nyama inarudi kambini kwa winchi.

Nisiwasahau Wahadzabe wa ziwa Eyasi, ambao wao hawana mpagazi wala gari na bado hawakuhitaji begi. Mwanamume anatoka na upinde, mishale na kisu, basi. Akiangusha mnyama mdogo anamtia begani. Akiangusha mkubwa, twiga tuseme, habari inakwenda kambini na watu wanaifuata nyama. Pengine kambi nzima inahamia pale alipoanguka mnyama. Ni jibu la busara kuliko mengi niliyoyashona.

Sasa twende Norway, mwaka uleule wa maktaba ya ngozi ya nguruwe. Mnorwe aitwaye Ole F. Bergan alikuwa mtu wa kuwinda, na kule mwindaji wa kawaida hakuwa na msafara. Alikuwa na gunia la mikanda miwili lililomning'inia mgongoni, likipwaya na kumchuna. Simulizi ya kampuni yake inasema mwaka 1908, akiwa mawindoni, alikata tawi la mreteni, akalipinda lifuate umbo la mgongo wake, akalifunga kwenye gunia. Nyumbani akabadili tawi kwa bomba jembamba la chuma, na mwaka 1909 akapewa hataza. Majeshi yaliipenda fremu hiyo. Askari wa Uingereza mpaka leo huliita begi lao kubwa kwa jina la Mnorwe huyo, ingawa wengi hawajui kama palikuwa na mtu.

Kusema kweli Bergan alichelewa miaka elfu tano. Mwaka 1991 wapanda milima waliona maiti iliyohifadhiwa na barafu kwenye milima ya Alps, mpakani mwa Austria na Italia: mwanamume wa miaka ipatayo 5,300 iliyopita. Alikuwa na upinde usiomalizika kuchongwa, podo lenye mishale 14, na karibu yake ufito wa mti uliopindwa mfano wa herufi U pamoja na mbao mbili nyembamba. Wataalamu wengi wanavisoma vipande hivyo kuwa fremu ya mgongoni. Tumboni alikuwa na nyama ya mbuzi mwitu wa milimani na ya kulungu. Alitembea mwenyewe, akabeba mwenyewe.

Kwa mwindaji, hata hivyo, hatua ninayoiona kubwa kuliko ya Bergan ni ya Lloyd Nelson, Mmarekani wa jimbo la Washington. Kiasi cha mwaka 1920 alikuwa Alaska, akaazimwa na mwenyeji mmoja wa kule kibebeo cha ngozi ya sili iliyowambwa juu ya vijiti. Aliporudi alitengeneza cha kwake: miimo miwili ya mbao, vipande vya kukingama, na turubai lililokazwa kwa kamba ili mbao isiguse mgongo na hewa ipite. Hataza ilitoka 1924. Jambo lenyewe liko hapa: begi lilishikwa kwenye ubao kwa waya mrefu uliopita kwenye pete ndogo za chuma. Chomoa waya, begi linatoka, unabaki na ubao mtupu. Asubuhi ubao umebeba blanketi na unga. Jioni umebeba paja la mnyama. Nelson alikuwa muungwana kiasi cha kutaja kwenye jina la bidhaa yake kwamba wazo ni la Wahindi Wekundu, ingawa pesa hazikwenda kwao.

Ili uone kwa nini waya ule una maana, piga hesabu ya nyama. Musi wa Alaska, mkubwa kuliko wote wa jamii ya kulungu, anaweza kutoa kilo 225 za nyama tupu. Sheria ya kule haimruhusu mwindaji kuiacha ioze: nyama ya kuliwa lazima itoke porini, na pembe haziruhusiwi kutangulia nyama. Mtu akibeba kilo 35 kila mara, ni safari saba kwenda na kurudi, kwenye vinamasi, na hakuna wa kumwita. Hapo ndipo begi linapochaguliwa kwa makini. Roosevelt angekuwa peke yake na musi wake, tungekuwa na hataza ya Nairobi.

Kilichobaki kilikuwa kuutoa mzigo mabegani. Dick Kelty, seremala wa Glendale, California, aliyewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha ndege, alikuwa milimani Sierra Nevada na rafiki yake miaka ya mwanzo ya 1950 walipogundua kwamba wakichomeka ncha za fremu kwenye mifuko ya nyuma ya suruali, mabega yanapata nafuu. Uzito umehamia nyonga. Mwaka 1952 akaanza kuuza: yeye anaunga fremu za alumini kwenye gereji, mkewe Nena anashona mabegi ya nailoni ndani. Bei dola 24, na mwaka wa kwanza waliuza 29 tu. Mkanda wa kiunoni ulioko kwenye kila begi la maana leo umetoka kwenye mifuko ile ya suruali.

Majuzi nilipokea begi moja la namna hiyo kutoka Marekani, la kampuni iliyojipa jina la Kiswahili, Kifaru, iliyoanzia Colorado. Nililifumua kwa siri kidogo, zaidi ya nilivyoombwa. Ndani ya mkanda wa kiunoni mna sponji ya aina mbili, ngumu nje na laini ndani, ili mkanda usijikunje ukizidiwa. Mikanda ya mabegani haijashonwa kwenye kitambaa cha begi. Imefungwa kwenye fremu. Kila kiungo kina mshono mfupi wa kwenda na kurudi, uzi wa nailoni, sindano imepita mahali pamoja mpaka uzi umekuwa kama kipande cha mbao. Na kati ya fremu na begi pana nafasi: legeza bizimu nne, begi linasogea nyuma, unaweka mfuko wa nyama palepale mgongoni, unakaza. Ni waya wa Nelson, umekuwa mkanda.

Vijana wanaopeleka wageni kutembea kwa miguu katika hifadhi za Ruaha na Nyerere, wakilala huko usiku mmoja, huniuliza wanunue begi la lita ngapi. Mimi huanza na fremu kabla ya lita. Kwa mchana mmoja lita 35 zinatosha: maji, koti la mvua, kisu, dawa, chakula. Ukilala, unafika lita 60 hivi, na hapo wengi hununua mabegi mawili na kuyajutia yote. Afadhali fremu moja imara na begi linaloweza kubanwa likawa dogo mchana. Shika kitambaa, kikwaruze kwa ukucha. Kikilia kama karatasi, mnyama atakusikia kabla hujamwona. Kisha nawapa gunia la mchanga la kilo 25, walitie ndani, wapande na kushuka ngazi za jengo la jirani. Mama anayejua kufunga mbeleko hamwachi mtoto aning'inie makalioni. Anambana juu, karibu na uti wa mgongo. Begi likikuvuta nyuma kwenye ngazi, litakuangusha korongoni.

Mabegi ya kuigiza yanayouzwa mjini huanguka hapo, na si kwa sababu ya kitambaa. Kitambaa mara nyingi ni kizuri. Mkanda wa kiunoni ndio wa uongo: umejazwa sponji ya godoro, ukiubana inalala kama mkate uliolowa. Nautoa wote. Natia soli za ndala, mbili kwa kila upande, nimezichonga kwa kisu zifuate nyonga, juu yake kipande cha dumu la plastiki, kisha nashona mistari minne. Elfu kumi na tano, na ukileta ndala zako mwenyewe, kumi na mbili.