Njia ya Malale, Kasulu hadi Kibondo

Nilitoka Kasulu alfajiri, nikapita Mvugwe, nikashuka njiapanda ya Nduta. Mzee niliyeketi naye garini alipakata dumu la asali kama mtoto. Mimi nilikuwa nafuata njia nyingine, ya watu waliohamishwa miaka ya 1930.

Kuanzia 1933 serikali ya Waingereza iliwakusanya Waha katika makazi ya malale. Kabla ya hapo Muha alijenga kwa nafasi, migomba yake ikimzunguka, jirani yuko ng'ambo ya bonde. George Maclean, daktari aliyesimamia vita vya malale Tanganyika, aliamini kwamba watu wakibanana, wakafyeka na kulima, mbung'o anayeeneza malale atakosa kivuli. Kitabibu haikuwa hoja ya kipuuzi. Ila waliohamishwa hawakuulizwa. Mashamba waliyoyaacha yakageuka pori, wanyama wakarudi, na mbung'o nyuma yao. Mwaka 1972 ikaja Operesheni Kigoma, watu wakafungasha tena, safari hii kwa ajili ya vijiji vya ujamaa.

Mara zote mbili ramani ilichorwa ofisini.

Mwaka 1989 William Trochim wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, alieleza namna nyingine ya kuchora: ramani ya mawazo. Watu wanapewa sentensi waimalizie, tuseme, "Kinachotuuguza hapa ni…" Kila jibu linaandikwa kwenye kadi yake. Kisha kila mshiriki anapanga kadi zote mafungu mafungu, kwa akili yake mwenyewe, na kuzipa alama kwa uzito. Kompyuta inahesabu: kadi ambazo wengi wameziweka fungu moja zinakaribiana kwenye ramani, nyingine zinatengana. Ramani inarudishwa kwa wenyewe, nao ndio wanaoyapa mafungu majina. Mwaka 2005 Jessica Burke na wenzake waliipigia debe kama njia shirikishi ya utafiti wa afya ya jamii.

Kompyuta hainisisimui sana. Kinachonivutia ni zile kadi. Hebu fikiria zingegawiwa Kibondo enzi za Maclean. Daktari angeiweka kadi ya "pori" kwenye fungu la ugonjwa. Mrina asali angeiweka pamoja na karo, mahari na chumvi. Hapo ndipo ingeonekana kasoro ya mpango mzima: nyumba zilihamishwa, lakini nyuki hawakupewa amri ya kuhama. Mtu aliyelala salama kwenye makazi mapya aliamka akaifuata mizinga yake kulekule kwa mbung'o. Mpaka leo, Tanzania, warina asali na wawindaji wamo miongoni mwa wanaoumwa zaidi na mdudu huyo.

Njia hii ya kadi nayo ina mtego wake. Kadi zinataka mtu anayesoma, na bibi wa Kiha asiyejua kusoma anaweza kuachwa nje kama babu yake alivyoachwa. Basi ewe mtafiti unayekwenda Kasulu au Kibondo, kadi zako zisome kwa sauti, tena kwa Kiha. Na kabla ya kuzifunga, muulize mrina asali kama yake imo.