Sosi nyepesi ya saladi kwa maziwa mala

Wengi huandaa saladi ya kabeji na karoti kwa nia ya kulinda afya, ila nia hiyo hupotea pindi inapotiwa mayonesi, ambayo sehemu yake kubwa ni mafuta. Kijiko kikubwa cha mayonesi ya kawaida hubeba takriban kalori 90; cha maziwa mala, takriban 10.

Kasoro ya mala ni umajimaji wake. Yakitumiwa yalivyo, huchuruzika hadi chini ya bakuli. Hivyo, nusu lita ya mala yasiyo na sukari humiminwa katika kitambaa safi cha pamba kilichotandazwa juu ya chujio, na kuachwa kwenye friji usiku kucha. Asubuhi husalia kitu kizito mithili ya malai. Hapo huongezwa maji ya nusu limau, punje moja ya kitunguu saumu kilichopondwa, dania na pilipili manga. Mafuta si lazima.

Chumvi itiwe wakati wa kula, kwani huvuta maji ya kabeji na kuharibu kazi yote ya kuchuja. Maji yaliyochujika nayo yasimwagwe. Yanafaa kukandia unga wa chapati.