Maxim's: Mgahawa wa Paris Ulioishi kwa Sanaa na Mavazi

Hatua chache kutoka uwanja wa Concorde, jijini Paris, katika nyumba namba 3 ya barabara ya Rue Royale, kuna mgahawa ambao kwa zaidi ya miaka 130 watu wameuendea kwa mambo mawili: kula, na kuonekana wakila. Unaitwa Maxim's. Wapishi wamepita jikoni mwake mmoja baada ya mwingine, wamiliki wamebadilika, vita viwili vikuu vimeutikisa mji, na sifa ya chakula chake imepanda na kushuka. Kilichodumu ni ukumbi wenyewe: mbao zake, vioo vyake, michoro ya ukutani, na desturi ya kuingia humo ukiwa umevaa nguo yako bora kuliko zote.

Siku hizi miji mingi ina migahawa ya kifahari inayotundika kazi za wasanii ukutani na kuwaalika wanamitindo wapite katikati ya meza. Wengi hudhani ni uvumbuzi wa juzi. Maxim's ilianza mambo hayo tangu karne ya 19, na historia yake inatufundisha kwamba pale sanaa na mavazi havikuwa pambo la biashara. Ndivyo vilivyoibeba.

Mhudumu na mrithi wake

Mgahawa ulifunguliwa mwaka 1893 na Maxime Gaillard, mtu aliyekuwa akihudumia wateja mezani kabla ya kuwa na meza zake mwenyewe. Kabla yake palikuwa na duka la aiskrimu la Mwitaliano aliyeitwa Imoda. Inasimuliwa kwamba Imoda alijiharibia siku alipopamba duka kwa bendera ya Ujerumani katika sikukuu ya taifa ya Ufaransa, wakati Wafaransa bado wana uchungu wa kushindwa katika vita vya 1870, na umati wenye hasira ukalivunja. Gaillard aliupa mgahawa wake jina lenye sura ya Kiingereza, kwa kuwa mambo ya Kiingereza yalikuwa fahari Paris wakati huo.

Hakukaa nao muda mrefu. Aliyeupa umaarufu ni mrithi wake, Eugène Cornuché. Huyu alielewa jambo ambalo wenye migahawa wengi hawakulielewa: mteja anayelipa fedha nyingi hununua pia mandhari. Alikuwa na kanuni yake kwamba ukumbi usionekane mtupu hata siku moja, na kwamba karibu na dirisha akae daima mwanamke mrembo, ili anayepita njiani amwone.

Mwaka 1899, Paris ikijiandaa kwa Maonyesho ya Dunia ya 1900 yaliyokuja kupokea wageni karibu milioni 50, Cornuché alimkabidhi msanifu majengo Louis Marnez kazi ya kuupamba upya ukumbi. Marnez aliwakusanya mafundi wa mtindo uliokuwa ukivuma, yaani Art Nouveau. Mtindo huo ulikataa mistari iliyonyooka ya majengo ya zamani na kufuata umbo la mimea: shina linalojipinda, jani linalofunguka, ua linaloinama. Mbao za mahogani zilichongwa zikajikunja kuzunguka vioo vikubwa. Majani ya shaba yalipandishwa ukutani. Darini pakawekwa vioo vya rangi vinavyoshusha mwanga laini juu ya meza, na kutani wakachorwa viumbe wa kike wa hekaya wakiwa katikati ya maji na miti.

Uzito wa kazi hiyo unatokana na imani ya mafundi wenyewe. Katika mji wa Nancy, Émile Gallé alikuwa akitengeneza vyombo vya kioo na Louis Majorelle akitengeneza samani, wote wakishikilia kwamba fundi wa kiti hana hadhi ndogo kuliko mchoraji wa picha. Jijini Paris, Hector Guimard alichora milango ya vituo vya treni ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka huohuo wa 1900. Kwa watu hao, taa, kitasa na mguu wa meza vilikuwa sanaa kamili. Ndiyo maana mtu aliyeingia Maxim's hakwenda kutazama picha iliyotundikwa. Alikaa ndani ya picha yenyewe.

Nguo mezani

Ndani ya ukumbi huo mavazi yalipata jukwaa. Enzi hiyo sinema ilikuwa changa, na magazeti yalitegemea zaidi michoro kuliko picha za kamera. Nguo mpya ilijulikana kwa kuvaliwa mbele za watu. Jeanne Paquin, aliyefungua nyumba yake ya mavazi mwaka 1891, aliwapeleka wanamitindo wake kwenye opera na mbio za farasi wakiwa wamevaa kazi zake ili wanawake matajiri wazitamani. Ukumbi wa chakula ulifanya kazi ileile. Mwanamke alipopita katikati ya meza, macho yalimfuata toka kofia hadi upindo wa gauni, na kesho yake mshonaji alipata maombi.

Waliong'ara zaidi walikuwa wanawake waliotunzwa na matajiri, kama Liane de Pougy na Mhispania Carolina Otero aliyejulikana kama La Belle Otero. Kisa chao kimesimuliwa kwa namna nyingi: usiku mmoja Otero aliingia akiwa amejaa vito kuanzia kichwani hadi miguuni, akitaka kumzima mwenzake. De Pougy akaingia na gauni jeupe lisilo na kito hata kimoja, huku nyuma yake mtumishi wake akiwa amevaa vito vyote vya bibi yake. Paris ikamtangaza mshindi.

Hadithi hiyo inachekesha, lakini nyuma yake kuna jambo zito. Wanawake hao waliwekwa kama mapambo katika ukumbi uliopambwa na wanaume, na fedha zilizolipia vito vyao zilitoka mbali. Miongoni mwa wateja wanaotajwa ni mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Miaka hiyohiyo, katika Kongo aliyoitawala kama shamba lake binafsi, watu walikuwa wakilazimishwa kugema mpira kwa mateso na vifo. Uzuri wa enzi hiyo ni wa kweli, na gharama yake pia ni ya kweli. Anayeandika historia ya Maxim's kwa Kiswahili hana ruhusa ya kuiacha gharama hiyo nje ya mlango.

Sanaa nyingine nazo zikaufuata mgahawa. Mchoraji wa vibonzo Georges Goursat, aliyejiita Sem, aliwachora wateja na vitambi vyao, pua zao na manyoya ya kofia zao. Georges Feydeau aliuweka mgahawa katika jina la mchezo wake wa kuchekesha wa 1899, La Dame de chez Maxim. Mwaka 1905, jijini Vienna, Franz Lehár alionyesha kwa mara ya kwanza tamthilia yake ya muziki Die lustige Witwe, ambayo sehemu yake ya mwisho inaigiza usiku wa Maxim's. Watu ambao hawakuwahi kufika Paris wakalijua jina hilo kupitia jukwaani.

Vita, filamu na nyota

Mwaka 1932 mgahawa ulinunuliwa na Octave Vaudable, na baadaye mwanawe Louis akauendesha. Mlinzi wa heshima ya ukumbi alikuwa mhudumu mkuu Albert Blaser, aliyejua nani akae meza gani na nani asikaribiane na nani. Samaki bapa aina ya sole anayeandaliwa kwa jina la "sole Albert" anamkumbuka yeye.

Wakati Wajerumani walipoikalia Paris, 1940 hadi 1944, maofisa wao waliufanya mgahawa huo kuwa wao, na mwenye mgahawa maarufu wa Berlin, Otto Horcher, aliwekwa kuusimamia. Ni ukurasa wa aibu: wakazi wa mji walikula kwa vibali vya mgao, huku kwenye meza za Maxim's mvinyo ukimiminwa.

Baada ya vita fahari ilirudi. Mwimbaji wa opera Maria Callas na tajiri wa meli Aristotle Onassis walionekana humo, na mgahawa ukashika nyota tatu za kitabu cha Michelin, daraja la juu kabisa. Mwaka 1957 mwongozaji wa filamu Vincente Minnelli alileta kamera ndani ya ukumbi kupiga filamu ya Gigi. Mavazi na mandhari yalibuniwa na Cecil Beaton, na filamu hiyo iliyotoka mwaka 1958 ilipata tuzo 9 za Oscar. Ukumbi wa 1899 ulikuwa sasa mwigizaji mwenyewe.

Ila nyota za jikoni si za milele. Kufikia mwisho wa miaka ya 1970 Maxim's haikuwa tena katika safu ya nyota tatu. Wakati uleule wa kushuka kwa jiko, serikali ya Ufaransa iliorodhesha mapambo yake kuwa urithi wa kihistoria, mwaka 1979. Kwa maneno mengine, sheria ilitambua kwamba hazina ya nyumba hiyo ilikuwa kutani.

Mshonaji anunua ukumbi

Mwaka 1981 Maxim's ilinunuliwa na mbunifu wa mitindo Pierre Cardin. Alizaliwa Italia mwaka 1922, akalelewa Ufaransa, na alipofika Paris mwaka 1945 kazi yake ya kwanza ilikuwa katika nyumba ya Paquin, ileile iliyowapeleka wanamitindo mbele za watu. Alifanya kazi kwa Christian Dior kabla ya kufungua nyumba yake mwaka 1950. Mwaka 1959 aliuza mavazi yaliyoshonwa tayari katika duka kubwa la Printemps, hatua iliyowaudhi wakubwa wa fani.

Mwaka 1983 alifungua Maxim's jijini Beijing, ndani ya ukumbi ulioiga mapambo ya Paris. Msimamizi wake alikuwa msanii Song Huaikui, Mchina aliyewahi kuishi Bulgaria na Paris, ambaye pia alimsaidia Cardin kuwaandaa wanamitindo wa Kichina. Mahali hapo palikutanisha wabunifu, wachoraji na wanamuziki. Mwimbaji wa roki Cui Jian alipiga muziki humo katika miaka ya 1980. Kwa kizazi cha Wachina kilichokua katika sare za rangi moja, chakula kilikuwa jambo dogo kuliko dunia iliyofunguka mbele ya macho.

Cardin alilaumiwa, na kwa haki, kwa kulibandika jina la Maxim's kwenye bidhaa nyingi hadi likapungua uzito. Hata hivyo alitenda jambo lililo kubwa kuliko kosa hilo. Kwa miongo mingi alikusanya samani, taa na vyombo vya enzi ya 1900, na mwaka 2004 akavifungulia makumbusho katika ghorofa za juu ya mgahawa, zaidi ya vitu 500 vilivyopangwa kama nyumba ya mwanamke wa enzi ile. Kazi za Majorelle na Gallé zikakaa juu ya ukumbi uliozaliwa kutokana na fikra zao.

Cardin alifariki Desemba 29, 2020. Mwaka 2023 kampuni ya Paris Society ilichukua uendeshaji, na kazi ya kuuhuisha ukumbi alipewa Cordélia de Castellane, mbunifu aliyekuwa akifanya kazi na nyumba ya Dior. Mlango ukafunguliwa tena mwaka huohuo.

Maxim's haikuokolewa na sahani. Iliokolewa na mafundi waliochonga vizuri mwaka 1899, na sheria iliyokataza kazi yao kuvunjwa, na mshonaji aliyetumia fedha zake kuitunza. Mwenye mgahawa anayetaka sanaa ndani ya nyumba yake na aanze hapo: amlipe fundi inavyostahili, amtaje kwa jina, na asiruhusu kazi hiyo ing'olewe msimu ukibadilika.