Mzima, lakini Ametimiza Hamsini

Robert Murgia alikuwa luteni kanali wa polisi katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Sheria ya jimbo ilimtaka kila askari wa kikosi chake astaafu akitimiza miaka 50. Hadi umri wa miaka 40 askari alipimwa afya kila baada ya miaka miwili, kisha kila mwaka, tena kwa ukali zaidi: moyo uliwekwa kwenye mashine, na tumbo likachunguzwa lisije likawa linavuja damu. Murgia alifaulu vipimo hivyo miezi minne tu kabla ya kustaafishwa. Hakuna aliyebisha kwamba kazi bado aliiweza.

Akaenda mahakamani. Majaji watatu wa shirikisho wakampa haki: kama kila askari anapimwa mwenyewe, kumwondoa kwa kuhesabu miaka hakuna maana. Jimbo likakata rufaa. Tarehe 25 Juni 1976 Mahakama Kuu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo, ikisema uzee si kama rangi ya ngozi, kwani kila ajaliwaye kuishi ataufikia. Nguvu kwa kawaida hupungua na umri, na hilo lilitosha kuihalalisha sheria.

Jaji mmoja tu alipinga. Ni Thurgood Marshall, wakili wa zamani aliyeshinda kesi ya Brown dhidi ya ubaguzi mashuleni mwaka 1954. Aliuliza mtu wa makamo akifukuzwa ataajiriwa wapi tena. Naona alikuwa sahihi, na jibu la wenzake halikuligusa swali lake. Yeye mwenyewe, kwa kuwa majaji wa mahakama hiyo hawana umri wa kustaafu, alikaa kitini hadi 1991, akiwa amevuka 80.

Ikabaki kazi ya Bunge. Sheria ya 1967 ya kuzuia ubaguzi wa umri kazini iliwalinda wafanyakazi wa miaka 40 hadi 65 tu. Maggie Kuhn, aliyestaafishwa na kanisa lake mwaka 1970 kwa kutimiza 65, alianzisha chama cha Gray Panthers kupigania wazee. Bungeni alisimama Claude Pepper, aliyezaliwa mwaka 1900. Mwaka 1978 kikomo kikasogezwa hadi 70. Mwaka 1986, Pepper akiwa na miaka 86, kikaondolewa kwa wafanyakazi wengi.

Polisi na wazimamoto hawakupata nafuu hiyo. Majimbo na miji iliruhusiwa kuendelea kuwastaafisha kwa umri. Ruhusa hiyo iliisha mwishoni mwa 1993, kisha Bunge likairudisha mwaka 1996, safari hii bila kuiwekea mwisho.